Mbao za Darini

Bwera, Jumapili jioni.

Mvua imekatika sasa hivi, lakini mawingu bado yameukalia mlima, na gauni langu la kanisani ni tope mpaka magotini. Nina hasira. Nimetafuta nyumba nzima mtu wa kumkasirikia, nimejikuta niko peke yangu.

Mnaonisoma hapa mnaijua habari ya maktaba ya shule yetu. Upepo uliezua paa, vitabu vikaoza, mbuzi wakahamia. Tangu hapo nimekuwa ombaomba. Kanisani, sokoni, kwenye mikutano ya wazazi, ni mimi na wimbo wangu uleule. Paa likapatikana. Kisha kikundi kimoja cha Kasese mjini kikaahidi vitabu, vya wanafunzi mchana na vya wanakijiji jioni, kwa sharti moja: wakija Jumanne wakute rafu. Wasipozikuta, vitabu vinapelekwa shule nyingine, huko Munkunyu.

Nikawaomba wazazi mbao. Jamani, walileta! Wengine waliteremka nazo kutoka Kyondo, kichwani, njia ikiteleza. Mbao pana, kavu kabisa, zilizotunzwa miaka. Fundi Baluku alizipokea kimya, nami nikamtania kwamba huyu hata akipewa ng'ombe hatacheka.

Jana asubuhi nilimkuta amekaa tu, randa iko chini. Akaniambia Mama Kavira, yule muuza vitenge, amefariki, na marehemu akiwa bado ndani nyundo hailii kijijini ila kwa jeneza. Nilimuuliza watazika lini. Sikuuliza hata alikuwa anaumwa nini. Akili yangu yote ilikuwa Jumanne.

Tukiwa hapo akaingia mume wa marehemu, Papa Kambale, aliyevuka mpaka na familia yake kutoka Butembo, Kongo, wakati wa vita. Alivua kofia.

"Madamu, muke yangu iko analala chini. Mutupatie mbao."

Nilimpa pole. Kisha nikamwambia mbao ni za watoto.

Nimeiandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Ndivyo nilivyosema.

Hakubishana. Alishukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimesimama imara! Nikamuuliza Baluku kwa nini mzee haombi kwa majirani, nyumba zote hizi zikose mbao? Baluku akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Huku kwao kila nyumba huweka mbao darini kwa ajili ya siku ya kifo. Hizo ndizo walizoniletea. Majirani hawana kitu.

Mimi nimekulia Rukoki, karibu na mji, ambako jeneza hununuliwa tu. Sikujua. Lakini kutojua kwangu kunanisaidia nini? Mtu aliniomba mbao za kumzikia mkewe, nikamnyima.

Nilimkimbilia. Nilimkuta njia panda na kumwambia achukue zote. Alichukua za jeneza moja, basi. Hakunilaumu, na hilo limeniuma kuliko matusi.

Leo tumezika. Katekista alipomaliza nikaomba kusema neno. Nikakiri mbele ya watu wote kwamba nilimnyima Papa Kambale, na kwamba niliomba mbao bila kujua ninaomba nini. Nikasema kila mzazi aje kesho achukue yake, maktaba tutaona.

 

Akanijibu Biira wa Kyondo, mama wa watoto watatu pale shuleni, aliyeleta mbao ndefu kuliko zote. "Mwalimu, wewe ndiye hukujua. Sisi tulijua tunatoa nini. Pigeni hizo rafu. Tutajitahidi tusife kabla ya Jumanne."

Watu walicheka, pale pale makaburini. Hata Papa Kambale alitabasamu kidogo. Mimi nililia, na sikujificha.

Kesho kukipambazuka Baluku anaanza, na wazazi wamesema watakuja na nyundo zao. Siku ni moja tu. Mbao zilizobaki hazitoshi kuta zote, tumeshapima. Ukuta wa dirishani utabaki mtupu.

Wageni wakiuliza rafu ya pale iko wapi, nitawaambia ile ni ya Mama Kavira.