Maji ya Kataboi

Lodwar

Dada yangu Wakesho,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma. Miguu ya Mama inastahimili baridi ya Wundanyi? Na shemeji, kifua kimeachia? Huku ni joto lile lile, na vumbi linatufuata hadi ndani ya chai.

Uliuliza kama nimekwenda kwa wifi yako. Nilikwenda Kataboi, kwao kando ya ziwa, shule zilipofungwa. Dada, kaburi lake halipo. Ziwa limepanda, limemeza miti ya mikoma na mabanda ya samaki, na lile rundo la mawe tulilompangia nalo liko chini ya maji. Kaka yake, aliyenisindikiza, alinyoosha fimbo kuelekea majini.

"Shemeji, yuko hapo."

Akachukua tumbaku, ambayo watu wa huku huwawekea wafu wao kaburini, akaitupa kwenye mawimbi.

Niliporudi nikafungua wiki, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika, nione inasemaje juu ya Kataboi. Mistari miwili tu, na wa pili unadai kwamba ziwa linazidi kurudi nyuma. Damu ikanichemka. Nikabonyeza "hariri", nikaandika kama nilivyozoea kuwaandikia magazeti: nikawachapa viongozi, wataalamu na wafadhili, nikamalizia kwamba maji yamefunika makaburi na hakuna aliyekuja kuuliza. Chai haijapoa, yote yamefutwa. Mhariri nisiyemjua aliandika kwamba hapa si jukwaa la siasa, na chanzo kiko wapi? Nikarudisha. Akafuta. Nikarudisha tena, safari hii na chanzo: barua yangu mwenyewe iliyowahi kutoka gazetini. Nikafungiwa nisihariri kwa muda.

Nikaelekezwa kwa Nyibol, mama wa Sudan Kusini anayewafundisha watu kuhariri huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, katika chumba nyuma ya duka la Msomali mmoja. Alisoma historia ya ukurasa, ambamo kila kilichofutwa hubaki, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwalimu, wewe najitolea ushahidi mwenyewe? Hata mwizi natafuta mtu ingine."

Nikamwambia ni mke wangu aliyelala pale. Kicheko kikakatika. Akasema kijiji alichozaliwa yeye, wiki inakitaja kwa sababu ya vita tu, na waliokijua kabla ya vita hana pa kuwapata.

Kifungo kilipokwisha nikaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza: kusahihisha herufi, kuweka kiungo, kuweka tanbihi. Nyibol alinionyesha ripoti ya wataalamu inayoeleza jinsi maji yalivyopanda na watu walivyohama. Nikaandika sentensi mbili kavu, kila moja na tanbihi yake, na zimesimama hadi leo. Uongo ule wa ziwa kurudi nyuma umeondoka.

Lakini ripoti ile, Dada, imetaja nyumba, imetaja nyavu, imetaja hata vyoo. Makaburi haikuyataja. Nikabishana na Nyibol kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga. Nikamuuliza, watu ambao tangu zamani wamehifadhi mambo yao vinywani, leo wataitwa waongo kwa kukosa karatasi? Alinisikiliza hadi nikachoka.

"Mimi naamini wewe. Lakini bibi yako hakuna mahali imeandikwa."

Basi sentensi ya makaburi nikaiacha nje. Kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri huzungumza wenyewe kwa wenyewe, nikaeleza kwa nini niliwasumbua, kwamba mke wangu yuko chini ya maji yale, nikaomba radhi kwa ukali wa maneno yangu.

Mweleze Mama taratibu, mkiwa mmekaa, wala si jikoni. Najua alitaka kuja kumwekea maua. Nisalimie shemeji, binti yako anayesomea uuguzi, na mjomba wetu fundi cherehani, umwambie bado sijajifunza kunyamaza. Kaka wa marehemu anawatumia salamu za kwao: ejok.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi hii nilipoona nimejibiwa kwenye majadiliano. Ni yule yule aliyekuwa akinifuta. Ameandika: "Pole sana, ndugu. Aliitwa nani?"

Nikamwandikia: Akai. Hakuniuliza chanzo.

Mdogo wako,
Mwadime