Fremu ya Mama Niliyoificha Stoo

Msambweni, Kwale,
Jumamosi, 9 Novemba 2024.

Mpendwa Dada Biasha,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, pamoja na shemeji Abubakar na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimeanza, na mihogo nyuma ya nyumba imeshika vizuri.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili kwa jambo hili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za watoto. Abdulaziz anasafiri kuja huko Jumatatu, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Ni kuhusu mama alivyoanguka mwezi wa Septemba. Nilikwambia ni ukaidi wake, kwamba aliiacha fremu yake ya kutembelea kwa kusudi. Dada, si kweli.

Unajua kwamba tangu alipovunjika nyonga na kupasuliwa, Mapenzi, yule binti wa Kikoneni anayefundisha wagonjwa mazoezi, huja kila Jumanne na Ijumaa. Alimzoesha mama kuinuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, na kujiinua kwa vidole vya miguu huku ameshika meza. Alipogundua kwamba mama anaishi kwa chai na mkate, akataka ale mayai, samaki, kunde na maziwa. Mikeka ya ukumbini tukaikunja, kandambili tukazitupa, na fundi akatia chuma cha kushikia chooni. Kufikia Agosti mama alikuwa akienda na fremu yake mpaka kwa jirani yetu Mbodze, na kurudi peke yake.

Kisha wakaja watu wa Ukunda kumposa Hafsa wangu. Asubuhi ile niliitazama ile fremu kando ya kiti cha mama, nikaona haya. Niliwaza watasema nyumba hii ina kilema. Nikaificha stoo. Nikatandika mkeka mpya, nikamwambia mama, "Leo wewe ni wa kukaa tu. Wageni watakuja kukuamkia hapo hapo."

Akaniuliza, "Na nikitaka kwenda chooni?"

Nikamjibu kwamba nitakuwa karibu. Sikuwa karibu. Nilikuwa mlangoni nikipeana mikono na Mzee Kheri, baba wa kijana. Mama akainuka, akashika ukuta, mguu ukanasa kwenye ukingo wa mkeka. Tulisikia kishindo. Mzee Kheri ndiye aliyemkimbilia kwanza. Mimi nilisimama pale pale nikiutazama mkeka.

Mkono wake wa kulia ulivunjika. Mapenzi alipofika hospitalini aliuliza, "Fremu ilikuwa wapi?"

Nikajibu haraka, "Aliiacha mwenyewe chumbani."

Mama aliniangalia. Kisha akamwambia Mapenzi, "Nilijitia ujana, mwanangu. Nisamehe."

Jioni ile ukapiga simu, ukamgombeza. Nilikuwa nimekaa kando yake nikisikia kila neno. Alisema tu, "Nimekosa, Biasha." Na mimi nikanyamaza, dada. Nimenyamaza hivyo karibu miezi miwili.

Mkono umeunga, lakini mama amekuwa mwoga. Hataki kusimama, na miguu imeanza kulegea tena. Jana Mapenzi alimbembeleza ainuke, akakataa. Akasema, "Niache. Mimi ni mkaidi, nitaanguka tena niwatie watoto wangu aibu."

Hapo nilishindwa. Nilisema yote, mbele ya Mapenzi na mbele ya Hafsa. Mapenzi akasema, "Baba Hafsa, muda wote huu nimekuwa nikimwonya nyanya juu ya ukaidi ambao hana."

Mama hakushangaa. Akaniambia, "Nilikuona ukiibeba. Nilijua unaona haya, sikutaka uone haya mara mbili."

Nilipiga magoti mbele yake. Akanishika bega, akainuka. Aliinuka mara nne, halafu akasema amechoka na anataka yai lake.

Dada, mpigie mama umtake radhi kwa kosa nililokubebesha mimi. Ukimaliza, mwambie anipe simu, unigombeze kama ulivyomgombeza yeye, bila kupunguza hata neno. Nitakaa kando yake na kuifungua sauti, naye asikie.

Msalimie sana shemeji Abubakar na watoto. Mama anakusalimu, na Hafsa, na Mbodze. Mwenyezi Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama, mama angali akitembea.

Mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na mwenye haya mbele yako,

Alfani