Kiatu cha Kushoto Kimefika, cha Kulia Kimepotea

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie maana nyumbani kwangu kumenuna kuanzia sebuleni mpaka jikoni. Mimi nauza viatu vya kike mtandaoni, stoo yangu ni chumba cha kulala, mume wangu analala kabanwa na maboksi na hajawahi kulalamika, Mungu ampe maisha marefu. Mwaka jana niliibiwa mizigo mitatu njiani, basi nikakaa nikawaza, nikajiambia mwizi hana kazi na kiatu kimoja, tangu hapo nikawa natuma cha kushoto leo kwa basi la kampuni hii, cha kulia kesho kwa kampuni nyingine, na kweli wizi ukakoma, nikajiona profesa.

Sasa wifi yangu, dada yake mume wangu, ni mwalimu, alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika mguu wa kulia, kakaa na plasta miezi mitatu, na ilipotolewa tu akaniagiza viatu vyeusi vya chini, akasema, "Wifi, Jumatatu narudi darasani, nataka niingie na kitu kipya, na acha nikuungishe wewe." Nilifurahi mpaka nikasahau kumweleza utaratibu wangu. Cha kushoto kikafika, cha kulia leo siku ya nne hakijulikani kilipo, na yeye kafungua boksi mbele ya mama mkwe kakuta kiatu kimoja, tena cha mguu mzima, akanipigia akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wifi, mguu wangu mwingine mmeshauzika?" kisha akakata, na simu zangu hapokei tena.

Ofisi ya mizigo karani kaniambia risiti imeandikwa hawahusiki na upotevu, halafu akacheka, "Dada, kiatu kimoja nani akuibie?" Mume wangu anasema yeye hayumo. Mshauri, mimi nilituma na risiti ninayo, kosa langu liko wapi? Na nimwambie nini wifi, maana nampenda, ndiye aliyenipokea nilipoolewa, na Jumatatu hiyo inakuja.

Muuza Viatu

Muuza Viatu, marahaba. Nimecheka kwanza, nisamehe, kisha nikamfikiria wifi yako nikaacha kucheka.

Tuanze na mzigo. Wifi yako alipatana na nani, na basi au na wewe? Hiyo kampuni uliichagua wewe, yeye hata jina lake halijui. Kwa hiyo mpaka kiatu kifike mikononi mwake, kikipotea kimekupotea wewe. Angemtuma mtu wake aje kuchukua kwako, ningesema mengine. Risiti si ya kumwonyesha yeye, ni ya kumbana karani. Rudi pale, omba kuonana na mkubwa wake, andikisha upotevu, na usiondoke bila nakala. Hayo maandishi ya "hatuhusiki" yasikutishe. Hata mimi naweza kuandika mlangoni kwangu kwamba sizeeki.

Sasa huo uprofesa wako. Ujanja mwingi mbele kiza, mwanangu. Ulimkomesha mwizi, ukamgeuza mteja kuwa mlinzi wa kiatu kimoja. Kuanzia leo pea inakwenda pamoja, boksi moja, na mteja anaambiwa imetoka lini na anaitarajia lini. Ukiogopa wezi, badili kampuni.

Na wifi yako hakukasirikia kiatu. Mtu amelala miezi mitatu akijiuliza kama atatembea tena sawasawa, unampelekea cha mguu mzima peke yake, ulitaka aelewe nini? Mwenye kovu usidhani kapoa. Acha kumpigia. Chukua pea nyingine ya saizi yake uende mwenyewe kabla ya Jumatatu, na mumeo mbebe, huyo asiyekuwemo, maana ni dada yake. Ukifika usianze na habari za basi wala risiti. Sema, "Wifi, nimekosa," upige magoti, umvalishe cha kulia kwanza.