Kunguni wa Chumba cha Juu

Jumatatu, 10 Julai 1967
Tumetoa magodoro tena. Mama anamwaga maji ya moto kwenye viungo vya kitanda, mimi nawanasa kunguni kwa kipande cha sabuni iliyolowa. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akasema sisi ndio tuliowaleta kutoka Zanzibar. Nilimtafsiria Mama nusu tu ya Kiingereza chake. Tukifukuzwa, Baba hatatupata. Bado yuko Unguja, anasubiri ruhusa ya kutoka, na anuani anayoijua ni hii; barua zetu sasa hazimfikii.

Jumatano, 12 Julai
Shule imekwisha, kazi sina. Nimekwenda maktaba. Nimelitafuta neno analotutupia mwenye nyumba, bug, katika kamusi kubwa. Zamani halikuwa mdudu. Lilikuwa zimwi, kitu cha kutisha watu. Baadaye ndipo lilipopewa kunguni. Kwa nini, kamusi yenyewe haina hakika. Kabla ya hapo Waingereza walimwita chawa wa ukutani. Basi walikuwa naye zamani sana, katika kuta zao wenyewe. Nimejifunza sentensi nzima ya kumwambia mwenye nyumba. Nimekutana naye kwenye ngazi. Nimemwambia habari za asubuhi. Ilikuwa jioni.

Alhamisi, 13 Julai
Nimemweleza Mama. Amecheka, mara ya kwanza tangu majira ya baridi. "Wana haki kumwita zimwi," alisema. Kisha akatia kila mguu wa kitanda ndani ya kopo la mafuta ya taa, kama walivyofanya majirani wote kwetu. Sikumkataza.

Ijumaa, 14 Julai
Harufu ilishuka hadi chini. Mwenye nyumba akapanda, akaona makopo ya mafuta karibu na jiko la gesi. Alidhani tunataka kuichoma nyumba.
"Mwambie, Nasra," Mama alisema. "Mwambie kunguni hawezi kuvuka mafuta."
Nilikuwa na maneno yote. Hakuna lililotoka. Nililia tu.
Mwenye nyumba alisema tuondoke kesho. Aliyabeba makopo nje mwenyewe, moja moja, kama yangelipuka. Hata kumchukia siwezi.

Jumatano, 26 Julai
Tuko Wembley, upande mwingine wa jiji, kwa mama mmoja wa Kigujarati mzaliwa wa Unguja. Chumba kisafi. Mama hanilaumu. Afadhali angenilaumu.
Sikuthubutu kumwomba mwenye nyumba wa zamani atuwekee barua za Baba. Kwa hiyo kila asubuhi napanda treni, nasimama ng'ambo ya nyumba ile. Leo mtu wa posta alisukuma bahasha mlangoni. Sikuweza kuiona stempu, kama ni ya Unguja. Sikubisha hodi, nikarudi kituoni.