Nguruwe Naye Ana Mawazo?

Jumamosi jioni, Ngulyati. Joto la leo limenichosha, lakini nacheka peke yangu kama mwehu, kwa hiyo bora niandike.

Kesho binti yangu Grace anapata kipaimara. Wageni ni nusu ya kijiji na nyama ni nguruwe. Asubuhi bodaboda kamleta kutoka Kasoli, kafungwa miguu kwenye tenga, njia nzima anapiga kelele. Baba mkwe alikuwa ameshanoa kisu. Huku kwetu nguruwe akifika ni kuchinjwa papo hapo, watu wanywe supu.

Nikasema hapana. Kesho alfajiri, akishatulia.

Bwana mifugo alishanieleza: nguruwe anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila kuonekana mgonjwa. Akiogopa, akichoka, au akichanganywa na wenzake asiowajua, vinatoka kwa wingi kwenye kinyesi. Hapo ngozi inachafuka, kisu kinachafuka, na nyama nayo. Kuipika sana kunasaidia, ila mikono ileile ndiyo inakata kachumbari. Sijasahau harusi ya jirani, wageni walivyogombania choo. Isitokee kwa Grace wangu.

Baba mkwe alinitazama, akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, nguruwe naye ana mawazo?"

Walicheka wote, bodaboda mpaka akashika tumbo. Niliona aibu kweli, lakini sikurudi nyuma. Banda dogo nilishaliosha jana, mbali na nguruwe wangu wengine wasije wakamng'ata mgeni. Nikamfungua kamba, nikampa maji, mengine nikammwagia mgongoni. Akahema, akazunguka, akanuna kwenye kona. Mzee naye akaondoka na kisu chake bila kuaga.

Mchana kutwa nilikosa raha. Kumnyima mkwe supu mbele ya watu si jambo dogo kwetu.

Alasiri vijana wa ngoma wakaja kufanya mazoezi ya kesho, hapo hapo karibu na banda. Ngoma ikalia, nguruwe akaruka. Natoka jikoni mbio, nakuta nimeshatanguliwa. Baba mkwe, fimbo mkononi, anawafukuza kuelekea shamba la pamba.

"Nendeni huko. Mgonjwa wangu amelala."

Furaha niliyoipata, sina pa kuiweka.

Sasa ninapoandika mzee amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, anampungia nzi kwa kofia yake, anamwongelesha Kisukuma taratibu. Nimemuuliza kisu kiko wapi, kaniambia nisipige kelele.

Haya, kesho alfajiri nani atamchinja?