Gego la Nyamizi Lisinisubiri

Chato

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hatumalizi jambo: nikianza la maana Nyamizi anakupokonya, nami nikiisikia sauti ya binti yangu nasahau nilichopigia. Goti lako linaendeleaje? Na wewe Masanja, mdogo wangu, unayemsomea mama, soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka vipindi shuleni.

Mimi ni mzima. Kazi ya meno inakwenda, samaki wapo, hata gauni la kitenge ulilonishonea limeanza kugoma kiunoni. Ila kupika chakula cha mtu mmoja hakuna raha. Nimewakumbuka, mama. Nimemkumbuka Nyamizi mpaka naumwa.

Wiki hii tulikuwa tunaziba magego mazima ya watoto wa shule, yasije yakaoza. Ni kazi ndogo yenye masharti: jino linasuguliwa, linapakwa asidi, linaoshwa, linakaushwa, ndipo dawa ya kuziba inamiminwa kwenye vijishimo vya juu ya gego. Mate yakitangulia, umeharibu. Ni kama kuziba ndoo iliyotoboka kabla haijakauka: kwa macho imezibika, kumbe pembeni maji yanapenya. Kwenye jino hupenya uchafu wa chakula, na jino linaoza chini kwa chini huku juu linang'aa.

Basi kulikuwa na kabinti kamoja, pamba mdomoni, gego limekauka vizuri. Akaingia bibi anayetufanyia usafi. Kabinti kakashuka kwenye kiti, kakapiga magoti, kakaamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!" Pamba ikadondoka, mate yakafurika. Bibi naye, badala ya kukarudisha kitini, akaitikia: "Mwangaluka, mwanangu. Wewe wa kwa nani?" Kakaanza kutaja ukoo mzima! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ungekaona ungesema umekalea wewe.

Nikaanza upya, na safari hii nikatanguliza gundi. Ni nyepesi kama maji, inapakwa kabla ya dawa, na hata unyevu kidogo ukibaki inashika. Daktari wetu alitupa ushahidi. Alichukua magego mawili yaliyong'olewa, yote akayagusisha mate, akayaziba, moja kwa gundi na moja bila. Akayaloweka kwenye wino, kisha akayapasua katikati. Lisilo na gundi, wino ulikuwa umepita ukingoni ukafika chini kabisa. Lenye gundi, wino uliishia mlangoni.

Nakueleza yote haya kwa sababu ya ulichoniambia Jumapili, kwamba Nyamizi ameota magego mapya huko nyuma, na kwamba ni ya utoto, yatang'oka tu, maana hakuna jino lililotoka kuyapisha. Hapana, mama. Hayo ndiyo ya kuzeekea, yakiharibika hayana mbadala. Na mjukuu wako kwa ubuyu na pipi unamjua.

Nilimwahidi kwamba nitamziba mimi mwenyewe. Nimeomba likizo, nimeambiwa nisubiri mwenzangu arudi kutoka likizo ya uzazi, na hiyo ni miezi. Sikufichi, nililia. Kila siku nashika videvu vya watoto wa watu, cha wangu sijui sasa kimekuwaje. Nilitaka nikuombe tungoje. Nikaona nikingoja nitakuja kung'oa badala ya kuziba.

Kwa hiyo mpeleke wewe, mama, wiki hii hii, hospitali ya mjini. Waombe watangulize gundi, maana huyo ana mate mengi na hatulii. Akianza kuhangaika, mwekee mkono kifuani, anatulia. Au zamani alitulia hivyo. Siku hizi wewe ndiye unayejua.

Nisalimie shangazi yangu muuza dengu, na baba mdogo fundi baiskeli, mwambie bado nasubiri mahari aliyoapa kunitafutia mtu wa kuitoa. Majirani wa Ngokolo wote nawaamkia.

Nyamizi akiuliza kwa nini si mama, usimtungie sababu. Mwambie mama alitaka sana, ila jino halingeweza kumngoja. Wakishamaliza, mwombe apanue mdomo, mama, unitazamie.

Binti yako,
Kabula