Namba Ngeni ya Kila Jioni

Jumapili. Upepo tangu asubuhi, ule wa mwezi wa saba unaoingiza vumbi mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimerudi kutoka Mgori mchana, mapaja yananiuma, na sijagusa hata tenga moja la kuku. Nimekaa tu kwenye kigoda, nikiangalia mikono yangu. Mshangao wa jana bado haujanitoka.

Naandika hapa kwa sababu nikimsimulia mtu kwa mdomo nitalia, na mimi sipendi kulia mbele ya wateja.

Yote yalianza na bando.

Kazi yangu ni kuku wa kienyeji. Nawakusanya Iguguno na vijiji vya jirani, wengine nawauza hapa mjini wakiwa wamenyonyolewa, wengine wanapanda basi kwenda Dodoma na Dar. Ila ukweli ni kwamba nusu ya kazi ni kuku na nusu ni simu. Nimuulize kondakta wamefika wapi, nimtulize mteja, nibishane na anayedai jogoo wake alikuwa mkubwa zaidi. Kifurushi cha mwezi kilikuwa kinakata katikati ya mwezi, naongeza, kinakata tena. Ikafika mahali nikawa kama nafuga kuku ili nilishe simu.

Basi nikahama mtandao. Nikaenda kwa wakala mmoja anayekaa chini ya mwavuli karibu na stendi. Namba inabaki ileile, akasema, unabadilisha mtandao tu. Vidole vyangu vikagoma kusoma kwenye kile kimashine cha alama za vidole, maana maji ya moto ya kunyonyolea kuku yameshavilainisha vyote. Nikafuta kwenye kanga, nikapuliza, nikabonyeza upya mpaka kimoja kikakubali. Nikatuma ule ujumbe wa neno moja, HAMA, laini ikazimika, nikasubiri, ikarudi ikiwa na jina jipya juu ya kioo.

Nilijisifu sana. Bei ilishuka kweli, na nikamtangazia kila mtu sokoni kama vile mtandao ni wa baba yangu.

Mama sikumwambia. Sikuwa namficha. Sikuona tu cha kumwambia, kwa kuwa namba ni ileile.

Mama anaishi Mgori, yeye na mbuzi wake na shamba lake la alizeti. Kila jioni akishafunga mbuzi hunipigia. Hana maneno mengi. Anauliza, "Umekula?" Nikisema nimekula, anauliza nimekula nini, kama vile ananipima. Kisha anakata. Ana kifurushi chake cha wiki, zile dakika za mtandao kwa mtandao, na anazitunza kama mbegu. Ujumbe hasomi, macho hayamruhusu. Na kubipu ndiyo kabisa, hajawahi kumbipu mtu maisha yake yote. Anasema kubipu ni kumgongea mtu mlango halafu ukakimbia.

Baada ya kuhama, simu ya jioni ikakoma.

Jioni ya kwanza nikasema labda amechelewa mnadani. Iliyofuata nikasema chaji imemwishia. Halafu nikaanza kumpigia mimi, na kila nikipiga naambiwa hapatikani. Chakula kikawa hakishuki. Mama ana presha, na nyumba ya jirani iko mbali kidogo. Nikaanza kuwaza mambo ambayo sitaki kuyaandika hapa.

Katika siku hizohizo kuna namba ngeni ikaanza kunisumbua. Kila jioni, muda uleule, inaita mpaka inakata. Sasa namba ngeni siku hizi tunazijua. Ni wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Mimi walishanila mara moja kwa kujifanya wateja wa kuku wa harusi, sirudii. Sikupokea. Ilipozidi, nikaifungia kabisa isiweze kuniita, nikarudi kumtafuta mama yangu.

Jana Jumamosi sikuweza tena. Nikamwachia jirani kuku, nikachukua bodaboda mpaka Mgori. Njia nzima sikusema neno, na dereva akaniuliza kama naenda msibani.

Nikamkuta mama uani anapiga alizeti kwa fimbo. Mzima. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba na kuendelea na kazi yake.

"Nakupigia hushiki," akasema. "Nikajua una kazi nyingi."

Nikamwambia simu yake haipatikani. Akaingia ndani, akatoka na kiberiti. Ndani yake, imefungwa kwenye kipande cha nailoni, kuna laini yake ya siku zote.

Nikaketi hapohapo kwenye makapi ya alizeti, naye akanieleza taratibu. Jioni ile ya kwanza alinipigia kama kawaida, simu ikamwambia dakika zake hazitoshi kwenda kwangu, wakati alikuwa ndiyo kwanza amejiunga. Kesho yake akaenda kuuliza dukani. Mwenye duka akacheki na kumwambia, mwanao kahama mtandao, dakika zako hazimfuati huko. Mtu mwingine angeninunia. Mama alisubiri siku ya mnada, akamfuata wakala, akasugua vidole vyake vya jembe mpaka vikasoma, akasajili laini ya mtandao wangu mpya. Simu yake ni kitochi cha laini moja, kwa hiyo ya zamani ikalala kwenye kiberiti.

Namba ngeni ilikuwa ya mama.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini hakuwa amemaliza. Huu mtandao mpya, akasema, hapa nyumbani hausomi. Unasoma kule juu, akaonyesha kwa fimbo, kwenye lile jiwe kubwa ng'ambo ya mashamba. Kwa hiyo kila jioni, akishafunga mbuzi, amekuwa akienda kule na kupanda.

Nilimtazama mama yangu, magoti yake yale ninayoyajua, nikalitazama lile jiwe.

Jioni tukaenda wote. Pale chini ya jiwe kuna ndala zimepangwa, kwa sababu jiwe ni laini, na ukipanda na viatu utateleza. Mama akazitazama tu akaniambia nani na nani wako juu. Akavua zake, akaziweka pembeni ya zingine kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akaanza kupanda kwa mikono na miguu bila hata kugeuka. Mimi mwenye miguu ya mjini nikawa nyuma, nahema.

Juu kule, jamani.

Sijui niandikeje. Nimezaliwa Mgori na sikuwahi kufika pale jioni. Msitu uko upande mmoja, mweusi kabisa, na upande mwingine ardhi inaenda tu, mashamba yaliyovunwa, vichuguu, moshi wa nyumba za watu, mpaka macho yanachoka. Mbali sana kulikuwa na kitu kinang'aa. Mama anasema ni maji ya ziwa Singidani. Sina uhakika kama yanaonekana kutoka kule, lakini sikumbishia.

Na watu walikuwepo. Kila mmoja amesimama mahali pake, pale mtandao unaposoma, pamezungushiwa kokoto ili kesho usipapoteze. Mzee mmoja alikuwa anauza mbuzi kwa simu. Dada mmoja alikuwa anacheka na mumewe aliyeko machimboni. Wote wanaongea na upepo unawapiga, kila mtu ameelekea kwa mtu wake. Na ndani ya duara moja la kokoto, akiwa ameelekea mjini, mama yangu. Kila jioni alisimama hapo akisikiliza simu inaita, kisha akashuka.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilidhani ni matapeli, na kwamba niliifungia namba yake.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Matapeli ni wengi. Haya, ifungue. Nenda kule mwisho nikupigie, nione kama inaita."

Nikamwambia nitarudi mtandao wa zamani asihangaike. Akakataa. Dakika zake za wiki bado zipo, na hapa juu amepapenda, kuna upepo na watu wa kuongea nao. Nikaenda mwisho wa jiwe nimempa mgongo ili asinione uso. Simu ikaita. Nikapokea.

"Umekula?"

Nikasema nimekula. Akauliza nini. Nikasema ugali na mlenda. Akasema vizuri, kama vile si yeye aliyeupika, akakata.

Sasa jua linashuka hapa mjini. Muda huu atakuwa anafunga mbuzi. Najiuliza ni mara ngapi mtu amenipandia jiwe na mimi sijui. Simu iko mezani, kioo kikitazama juu, na ile namba nimeiandikia jina. Leo sijala bado, na akiuliza nitamwambia nilikuwa namsubiri.